Mtaka cha Mvunguni: Kuzisaka Tendi Katika Kanzidata

Miswada ya tendi na mashairi ya pwani imetawanyika mbali na miji ilikoandikwa. Ile iliyokusanywa na William Taylor, Alice Werner na William Hichens imehifadhiwa SOAS, London, aliyoikusanya J.W.T. Allen imo katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Orodha za hazina kama hizi aghalabu hupekuliwa siku hizi kwa kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu lililomo ndani ya kompyuta, ambalo huulizwa neno nalo likatoa kila kilichoandikwa neno hilo. Mpenzi wa ushairi hukaa mbele yake, akaandika jina la utendi alioghaniwa na bibi yake utotoni, akajibiwa kwamba hakuna. Huondoka akiamini kuwa utendi umepotea, kumbe umelala salama kwa jina jengine.

Mtunza maktaba akiulizwa kitu kwa jina lisilo sawa hufikiri, akauliza naye: "Labda wautaka ule wa Herekali?" Kompyuta aghalabu haina labda. Hulinganisha herufi kwa herufi, na "hakuna" yake maana yake ni kuwa herufi zile, kwa mpango ule, hazikuonekana. Basi kazi ya kufikiri humrudia mtafutaji.

La kwanza la kufikiriwa ni tahajia. Miswada mingi iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kila aliyeihamisha kwenda herufi za Kirumi alifuata sikio lake. Shujaa mmoja ni Liongo na ni Liyongo. Mwandishi na mnakili mashuhuri wa Lamu, Muhamadi Kijuma, huandikwa pia Kijumwa, na Muhamadi mwenyewe huwa Muhammad. Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, pengine huunganishwa akawa Mwanakupona; na pengo hilo moja latosha kumficha. Zaidi ya hayo kuna lahaja. Lamu husema utendi, Unguja utenzi. Njia ni ndia, nchi ni nti, macho ni mato, mchele ni mtele. Mtafutaji mwerevu huandika kwanza karatasini sura zote za neno lake, kisha huzijaribu moja baada ya moja.

La pili ni maumbile ya Kiswahili chenyewe, ambacho hubadilisha mwanzo wa neno. Anayeuliza "shairi" huenda asipewe "mashairi", wala anayeuliza "wimbo" asipewe "nyimbo". Kanzidata nyingi hukubali alama ya nyota mahali pa herufi zisizojulikana. Baadhi huikubali mwishoni mwa neno tu, nyengine hata mwanzoni, na hilo husomwa katika maelezo ya kanzidata yenyewe. Palipo na ruhusa hiyo, "*tend*" huleta utendi na tendi kwa pamoja, ijapokuwa huja pia na matendo yasiyotakiwa. Na anayekumbuka maneno mawili au matatu yaliyofuatana huyafungia ndani ya alama za kunukuu, ili yatafutwe kwa mpango huo huo.

La tatu ni kumjua aliyeiandika orodha. Orodha ya London imeandikwa kwa Kiingereza, hivyo anayeuliza "barua" na "mawaidha" hana budi kuuliza pia kwa maneno ya Kiingereza ambayo mwandishi wa orodha angeyatumia. Utendi wa Tambuka hujulikana pia kwa jina la Herekali. Mashairi mengi hayana anwani kabisa, na hutambulishwa kwa mshororo wa kwanza. Tarehe nazo ni mbili: mwaka 1728 unaotajwa kwa Tambuka ni 1141 wa Hijria, na mswada waweza kuandikwa mmoja bila ya mwengine.

Yote hayo yakishindikana, jina la mtunzi liachwe, litafutwe la mkusanyaji au la mnakili. Anayeuliza Hichens au Kijuma huletewa rundo kubwa. Alisome taratibu, kisha alipunguze kwa mwaka, mahali au bahari ya shairi. Ni kazi ya subira, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ajabu ni kwamba katika kazi hii ya kompyuta, mwenye ufunguo aweza kuwa yule mzee asiyewahi kuigusa. Yeye ndiye ajuaye kwamba shairi hili huko Siyu liliitwa vyengine, na kwamba neno lile huko Pate lina herufi nyengine. Kijana anayeketi naye na kuyaandika majina hayo amekwisha kuianza kazi ya kutafuta kabla ya kuwasha mashine. Mzee huyo akiondoka bila ya kuulizwa, mswada utabaki palepale rafuni, hauna hata ukurasa uliotoboka, na asiwepo wa kuuita kwa jina lake.