Niliulizwa Swali Stendi, Nikasema Nina Haraka

Msomaji wangu, leo naomba nikiri jambo. Mimi ni mtoto wa Iwawa, kule Makete, na kazi yangu ya kwanza baada ya chuo niliipata Njombe mjini. Ofisi ilikuwa ndogo, watu tisa tu, chai ya saa nne tunakunywa pamoja tumejikunyata na masweta yetu. Kati yetu alikuwepo kaka mmoja, mchapakazi, mpole, hajaoa. Basi maneno yakaanza: eti yule anapenda wanaume wenzake.

Hakuna aliyeona kitu, jamani. Lakini watu wakaanza kumkwepa kwenye chai, akaondolewa kwenye kazi za kukutana na wateja, mwishowe bosi akamwita: "Bora uandike barua mwenyewe, uondoke kwa heshima."

Jioni ile alinisubiri stendi. "Dada, ukiulizwa, utasema wanavyonifanyia?" Nikamjibu nina haraka. Kiukweli niliogopa maneno yasije yakanigeukia na mimi. Kesho yake akaandika barua.

Cha ajabu, ukutani palepale kulikuwa na tangazo la kukataza kuwanyanyapaa wenye VVU. Sisi wa Njombe tumezika wengi. Hata utafiti wa 2022/23 ulikuta mkoa wetu unaongoza nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima. Tulijifunza kwa machozi kwamba siri ya mtu haimzuii kufanya kazi yake vizuri. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ikataja kabisa kwamba ni marufuku kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya VVU, kama ilivyo kwa dini, kabila, jinsia, ujauzito, ndoa au ulemavu.

Mapenzi ya jinsia moja hayamo kwenye orodha hiyo. Afrika Kusini waliyaweka kwenye sheria yao mwaka 1998, na majirani zetu Msumbiji mwaka 2007. Kwetu Kanuni ya Adhabu inatoa mpaka kifungo cha maisha kwa tendo lenyewe, ndiyo maana mtu anayesemwa hivyo haoni pa kwenda kulalamika.

Lakini sheria haimpi mwajiri ruhusa ya kufukuza watu kwa uvumi. Ni lazima awe na sababu halali, aweze kuithibitisha, na afuate utaratibu wa haki. Akikufanyia vituko mpaka ukashindwa kuvumilia ukaacha kazi mwenyewe, sheria inahesabu kwamba yeye ndiye aliyekuachisha. Na unazo siku 30 za kupeleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hayo niliyajua miezi kadhaa baadaye, siku 30 zimeshapita. Nikampigia. Alikuwa Makambako, anauza vipuri vya pikipiki. Nikamweleza yote, akacheka kidogo. "Hata ningejua, dada yangu, ningeenda na shahidi gani?"

Sikuwa na jibu. Kwa hiyo wewe bosi unayenisoma, kabla hujasema "andika barua", jiulize una kosa gani la kikazi mkononi. Na wewe mwenzangu wa meza ya pembeni, siku mtu akikusubiri stendi, usimwambie una haraka.