Picha Itokayo Mlangoni Petu

Siku hizi kamera za ulinzi zimeenea mitaani mwetu, hata kwenye nyumba ambazo mwizi angetoka na sufuria tu. Watu huulizana bei, tena huulizana kama inaona usiku. Aghalabu hakuna aulizaye picha ile husafiri kwa muundo gani kutoka kwenye kamera hadi kwenye simu. Sisi twaliona swali hilo kuwa la kwanza, na khasa kwa wanawake tunaoshinda nyumbani, kwani jibu lake ndilo huamua bando litakwisha lini, uso wa mtu utatambulikana au la, na ni nani mwingine atakayetuona.

Mwaka jana, katika kichochoro chetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, mtungi wa gesi wa jirani ulitoweka alfajiri. Nyumba ya pili yake ilikuwa na kamera. Picha ilipofunguliwa, alionekana mtu amebeba kitu begani, lakini uso wake ulikuwa viraka vya kijivu mithili ya mkeka uliofumuka. Hapo ndimi zikaanza kazi. Mmoja alisema ule ni mwendo wa kijana atuleteaye maji kwa mkokoteni. Mwengine akaongeza kuwa hata kofia ni yake. Kufika adhuhuri, viraka vile vilikwisha kuwa uso wa kijana wa watu. Wazee walimwita barazani, wakaitazama picha mara kadhaa, wakasema haimwonyeshi yeye wala mtu mwengine yeyote. Yule kijana hakurudi tena kwenye kichochoro chetu. Maji sasa tunaletewa na mtu mwengine.

Kamera yenyewe haikuwa mbovu. Mwenyewe alipotufungulia mipangilio yake tulifahamu kilichotokea. Kamera nyingi za mtandao hutoa mikondo miwili ya video kwa wakati mmoja: mkubwa wenye picha safi, wa kuhifadhiwa, na mdogo ulio mwepesi, wa kutazamwa kwenye simu. Fundi alikuwa ameupanga ule mdogo ndio urekodiwe, ili kadi ya kumbukumbu isijae upesi. Kadi kweli haikujaa.

Kwa hiyo kaka yetu aliyeko Maskati aliposhikilia kwamba mlango wa mama nao uwekewe kamera, naye mama akakubali kwa masharti tutakayoyataja, sisi mabinti zake tulitaka kuyajua mambo haya kabla ya kumwita fundi yeyote.

Miundo inayokutikana zaidi kwenye kamera hizi ni mitatu. Wa kale ni MJPEG, ambao kila fremu ni picha kamili iliyojitegemea. Ni kama mtu unayemuuliza hali ya nyumbani kila dakika, naye kila mara akaanza kukuhesabia watu wote tangu babu. Tuseme kila picha ina kilobaiti 60, na kila sekunde zapita picha 12: hizo ni gigabaiti 2 na nusu na ushei kwa saa moja, ilhali kichochoroni hapakupita ila paka. Muundo wa H.264, uliotolewa mwaka 2003, hutuma picha moja kamili, kisha hueleza kilichobadilika tu. Ukuta haukusogea, basi hausemwi. H.265 wa mwaka 2013 hufuata njia hiyo hiyo kwa ustadi zaidi, na huweza kukaribia nusu ya mzigo wa H.264 kwa picha ya ubora ule ule. Kwa mlango ambao saa nyingi hautikisiki, MJPEG tuliuacha bila ya mjadala.

Mjadala ulikuwa baina ya hii miwili. Mkondo wa megabiti 2 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 21.6 kwa siku, hivyo kadi ya gigabaiti 128 haitimizi siku 6 kabla ya kuanza kufuta ya nyuma. Kwa H.265, tukishusha hadi megabiti 1, tunakaribia siku 12. Lakini H.265 hudai kifaa chenye nguvu ya kuufungua, na tableti kuukuu ya mama ilionyesha kioo cheusi tu. Tukaamua mkondo mkubwa uwe H.265, uhifadhiwe ndani ya kadi, na mdogo uwe H.264, ambao karibu kila simu inaufahamu. Mdogo huo tuliuwekea kilobiti 300 kwa sekunde, yaani megabaiti 135 kwa saa. Kaka akitaka kuona kama mama amefungua mlango asubuhi, unamtosha. Akitaka kujua ni nani aliyegonga, na autazame ule mkubwa.

Jambo moja mafundi hulipita haraka, nasi tunaliona kubwa: umbali baina ya picha kamili moja na nyengine. Ukiwa mrefu, nafasi huokolewa, lakini mtandao ukikatika kidogo video huvurugika mpaka picha kamili ifuatayo ifike, na mtu hupita mlangoni kwa sekunde chache tu. Tulichagua fremu 15 kwa sekunde na picha kamili moja kila fremu 30, yaani kila sekunde 2. Fremu 25 hatukuziona na haja. Mlangoni si uwanja wa mpira, na kila fremu inayopunguzwa huziachia zilizobaki nafasi ya kuonyesha uso vizuri.

Sasa masharti ya mama. La kwanza lilikuwa sauti. Mkondo wa video huweza kubeba sauti pia, na mama alisema maneno ya wanawake wanaoagana mlangoni hayana haja ya kufika Maskati. Tuliizima kwenye mikondo yote miwili, maana kuizima kwenye mmoja hakuzimi mwengine. La pili, kamera isione ndani mlango unapofunguliwa, basi ikageuzwa pembe. Nywila ya kiwandani tuliibadilisha siku hiyo hiyo, wala hatukumruhusu fundi kuufungulia mkondo njia ya moja kwa moja kutoka nje kupitia ruta, ingawa alisisitiza kuwa wateja wake wote hufanya hivyo. Mkondo usiofungwa kwa siri ni dirisha lisilo pazia.

La tatu lilihusu jirani wa mkabala. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na dirisha lake lilikuwa ndani ya picha yetu. Suratul Hujurat imekataza kupelelezana, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Kamera nyingi huweza kufunika sehemu ya picha kwa mraba mweusi kabla video haijatoka ndani ya kamera, hivyo kilichofunikwa hakimo kwenye mkondo wowote wala kwenye kadi. Tuliufunika mraba juu ya dirisha, kisha tukamwalika bibi mwenye nyumba aje aone kwa macho yake kwenye tableti ya mama. Alitazama kwa makini, akauliza kama mraba waweza kuongezwa kidogo upande wa kushoto, aanikapo nguo. Tukauongeza.