Jumba la Ibn Battuta, Dubai

Wasomaji wetu, sisi tukaao Dubai na watoto, joto la Julai likishtadi hatuna pa kuwatembeza ila katika majumba makubwa ya maduka, yenye baridi ya mashine. Moja lao, lililofunguliwa mwaka 2005, limepewa jina la msafiri mashuhuri Ibn Battuta. Kumbi zake sita zimepambwa kwa mifano ya nchi: Andalusi, Tunisi, Misri, Uajemi, Bara Hindi na Uchina. Kuba la Uajemi, kwa haki, lapendeza mno. Watoto, lakini, hawabanduki penye saa ya tembo, mfano wa ile ya fundi Al-Jazari.

Baada ya Alasiri mdogo wao akatuuliza, "Baba, ukumbi wa kwetu u wapi?"

Haupo. Na bwana huyu mwaka 1331 alilala Mombasa, akafika Kilwa, akamsifu Sultani wake, Hasan bin Suleiman, kwa ukarimu! Tukaketi nao baina ya wauza viatu na wauza kahawa (wapitao wakitukodolea macho), tukawasimulia Kilwa na msikiti wake wa mawe, ambao magofu yake yangaliko. Viatu walivyovililia asubuhi havikutajwa tena. Mkubwa ataka kwenda kuyaona. Nauli tumekwisha kuiulizia.