Kazi Iko Chini ya Rangi

Harufu ya kwanza ya kazi niliyoijua maishani ni ya sifa, mafuta ya maini ya papa. Baba aliyaweka kwenye pipa nyuma ya nyumba yetu Matemwe, Zanzibar, mbali na jiko. Maini yaliachwa juani mpaka yakayeyuka, mafuta yakaelea juu, yakachujwa. Mama alilalamika kila msimu, na kila msimu pipa lilirudi palepale, kwa sababu bila sifa dau halikai.

Siku ya kazi ilipangwa na bahari. Bamvua likifika, maji hujaa mpaka kwenye minazi, na hapo dau lilisukumwa juu kabisa ya mchanga na kuegemezwa magogo. Yakipwa, bahari ya Matemwe hurudi mbali sana, hata mtoto akadhani atakifikia kisiwa cha Mnemba kwa miguu. Nafasi hiyo ndiyo tuliyoitumia. Kwanza tulikwangua makome madogo na majani ya bahari. Kisha baba aliwasha makuti makavu na kuyapitisha chini ya dau, moto ukalamba mbao bila kuziunguza, ili unyevu utoke na wadudu watobozi wafe. Palipokuwa na makwaruzo tulisugua kwa jani la mti wa msasa, linalokwaruza kama ulimi wa paka. Msasa wa dukani, ule wa karatasi, ulirithi jina la mti huo.

Baada ya hapo ikaja kalafati. Baba alisokota pamba pajani mpaka ikawa nene kama kidole cha mwisho, akaichovya mafuta, akaishindilia kwa patasi butu na nyundo kwenye upenyo wa ubao na ubao. Alinifundisha kusikiliza. Mlio ukiwa mzito, upenyo bado una njaa. Ukiwa mkavu, umeshiba. Mwisho tulipaka deheni kwenye sehemu inayokaa majini, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu iliyoyeyushwa, na juu yake, kwenye mbao zilizobaki, sifa.

Hatukutumia brashi. Deheni ilipakwa kwa kiganja, na mimi mwenye mikono midogo nilitumwa kwenye kona za mkuku. Nililalamika kwamba harufu haitoki hata kwa sabuni. Sikujua kwamba pale ndipo nilipokuwa nikisomeshwa. Kiganja kikipita juu ya kila ubao, kila ufa hukutana na mkono. "Hapa pamelainika, baba," nilisema siku moja, nami sikuwa hata na miaka kumi. Alikuja, akabonyeza kwa kidole gumba, akaenda kuchukua tezo. Hakunisifu, lakini tangu siku ile aliniuliza kila mara kabla ya kuliteremsha dau.

Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa Zanzibar, na bidhaa zilizokuwa adimu zikarudi madukani. Makopo ya rangi ya mafuta yakaanza kuja Matemwe juu ya gari za shamba, pamoja na mchele na mabati. Pwani ikageuka buluu, kijani na nyekundu. Majina ya madau yakaandikwa kwa herufi kubwa. Nami nilizipenda rangi zile, na bado nazipenda. Kazi ya siku nne ikawa ya siku moja, na pipa la sifa likaondoka nyuma ya nyumba.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba siku tatu zilizopungua zilikuwa bure. Mwaka mmoja, baba akiwa mgonjwa, nilipaka dau peke yangu. Sikukwangua mpaka kwenye mti, sikuosha chumvi, sikungoja mbao zikauke. Lilipendeza kuliko yote pwani. Miezi michache baadaye rangi ilivimba malengelenge, ikabanduka kama maganda ya kitunguu. Baba aliletwa ufukweni, akabonyeza ubao, na kidole gumba kikazama. "Umeyapaka rangi maradhi," aliniambia. Mbao tatu ziling'olewa, na msimu mzima wa kaskazi tulivua kwa ngalawa ya kuazima.

Sisemi turudi kwenye sifa. Papa hawapo tena kama walivyokuwa, na hatuwezi kuwaua waliobaki kwa ajili ya kung'arisha mbao. Wala sisemi kila cha dukani ni salama. Meli kubwa duniani zilipakwa chini rangi yenye sumu ya bati ili viumbe visigande, mpaka ilipoonekana kwamba inaharibu chaza na konokono wa bahari. Mkataba wa kuipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008. Kinachopakwa kwenye chombo huishia baharini, na baharini ndiko tunakokula.

Leo mpwa wangu anafanya kazi kwenye boti ya kupeleka wageni kuvua. Sisi tulizoea mshipi wa mkononi. Wageni huja na fito za faiba zenye roda. Mmoja alimwachia ufito uliochakaa: vanishi imepasuka, pete za kupitishia mshipi zimeota kutu, nyuzi zinazozifunga zimelegea. Aliniletea nyumbani na kopo la rangi.

"Mjomba, naomba tuupake."

"Tutaupaka, baba. Kwanza lete kisu."

Tulikata nyuzi za zamani, tukakwangua vanishi, tukasugua kwa msasa laini wenye maji. Nilimwonya asizidishe, kwani faiba ni nyuzi za kioo. Ukizikata kwa msasa, ufito huvunjika siku samaki mkubwa anapokaza. Tukauosha kwa maji ya mvua, tukauacha kivulini siku mbili. Kisha tukafunga pete kwa uzi mpya, mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake bila mwanya, na ncha ya mwisho ikavutwa chini ya uzi kwa kitanzi. Vanishi tulipaka nyembamba mara tatu, tukiuzungusha ufito juu ya panda mbili ili isichuruzike.

Kabla ya kila mkono wa vanishi nilimwambia apitishe vidole kutoka shina hadi ncha. Mara ya pili alisimama. "Hapa pana kitu, mjomba." Ilikuwa punje moja ya mchanga.

Ndugu yangu mwenye chombo, mlango au ufito wa kupaka, rangi nunua uipendayo. Lakini kabla hujafungua kopo, kwangua, osha chumvi, kausha, kisha pitisha kiganja. Na mtoto akiwa karibu, kipitishe chake kwanza.