Simu ya Ofisi Katika Nchi ya Chai

Enzi za Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililoundwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ofisi ya mji mdogo kama Mogogosiek haikuwa na la kuchagua kuhusu simu. Mtu alijaza fomu akangoja, na fundi alipofika alifunga kifaa alichopewa na shirika. Katika miji midogo ya nchi ya chai, namba ya simu ilikuwa jina la mji na tarakimu chache, na wa kukuunganisha na Nairobi alikuwa opereta wa posta. Hata mwishoni mwa miaka ya 1990, laini za waya Kenya nzima zilikuwa karibu 300,000 tu. Naikumbuka enzi hiyo bila kuitamani irudi, ila ilikuwa na sifa moja ambayo tumeipoteza bila kuijadili. Simu za kwanza za kukoroga zilikuwa na betri zake zenyewe, na zilizofuata zilivuta umeme kutoka posta kupitia waya ule ule uliobeba sauti. Stima ikipotea kijiji kizima, simu bado ililia. Leo simu ya mezani inategemea swichi, ruta na kompyuta inayoziongoza, na vyote vitatu huzima pamoja na taa. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayenunua kompyuta ya kuendesha simu za ofisi ndogo huku kwetu aulize kwanza mashine hiyo itakula umeme kiasi gani na itavumilia nini. Suala la kasi lije baadaye.

Ushauri tuliourithi ulikuwa kinyume cha huo, na haukuwa wa kijinga. Mwaka 1999, mwaka ule ule shirika la zamani lilipogawanywa na Telkom Kenya kuzaliwa, kijana wa Kimarekani aitwaye Mark Spencer alianza kuandika Asterisk, programu huru inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa mtambo wa simu. Ili laini ya waya iingie kwenye kompyuta ilihitajika kadi maalumu iliyochomekwa kwenye ubao mama, na kadi hizo zilikuwa na masharti magumu. Ziliikatiza prosesa mara 1,000 kila sekunde, na zikichangia njia moja na kadi ya picha au ya mtandao, sauti ilikwaruza au mwangwi ukajaa. Kwa hiyo mnunuzi alichagua kompyuta kubwa yenye nafasi nyingi za kadi, prosesa ya nguvu na ubao mama uliosifiwa na waliotangulia. Mafundi wengi bado wanashauri hivyo, ingawa sababu zake zimekwisha.

Zilikwisha kwa awamu. Mwaka 2000 Safaricom na Kencell walianza kuuza laini za mkononi kwa watu wa kawaida, na baada ya miaka michache mkulima aliyekuwa hajawahi kugusa simu ya waya alikuwa na yake mfukoni. Nyaya za shaba zikawa mawindo ya wezi, na laini nyingi za msimbo wa 052, unaohudumia Kericho na Bomet, zikanyamaza bila kurudi. Haki ya pekee ya Telkom ya kuendesha simu za waya ilifika kikomo mwaka 2004. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na intaneti ya kasi ikaanza kupanda bara. Laini ya ofisi sasa huja kama sauti ndani ya intaneti, kwa utaratibu uitwao SIP, au kama kadi ya simu ndani ya kisanduku kidogo kilicho nje ya kompyuta. Ile kadi ya kuchomeka imetoka ndani ya mashine, ikatoka pamoja na karibu kila sababu ya kununua mashine kubwa.

Lakini je, simu zikiwa nyingi? Hili ni pingamizi zito, na dawa yake ni hesabu. Tuchukue chama cha akiba na mikopo chenye simu za mezani 20. Katika saa ya shughuli nyingi kina mazungumzo 30, kila moja dakika tatu. Hizo ni dakika 90 ndani ya saa moja, yaani wastani wa mazungumzo moja na nusu kwa wakati mmoja. Kwa kanuni ya Agner Erlang, Mdenmark aliyeitoa mwaka 1917 akiwa katika kampuni ya simu ya Copenhagen, laini tano zinatosha: simu moja au mbili tu katika 100 ndizo zitakazokuta laini zote zimeshikwa. Sasa ilete Oktoba, msimu wa bonasi, wakati kila mwenye kichaka cha chai anataka kujua pesa zimeingia lini na makato yamefika kiasi gani. Simu zikiongezeka mara tatu, laini zile tano zitamgeuza nyuma karibu mpigaji mmoja katika kila wanne. Na kanuni inachukulia kwamba aliyekosa hapigi tena, wakati sisi tunajua atapiga papo hapo, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi. Zikiwekwa laini kumi, tunarudi kwenye mtu mmoja katika 100. Ongezeko hili linadai laini. Kompyuta haihisi mzigo wowote, kwa sababu mazungumzo kumi kwa mfumo wa sauti wa G.711 hayajazi hata megabiti moja ya intaneti kila upande, na kompyuta ndogo kabisa inayouzwa leo huyabeba bila shida mradi haitafsiri sauti kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Salamu zilizorekodiwa zihifadhiwe katika mfumo huo huo na simu zote ziwekwe humo, basi prosesa itakuwa karibu imelala. Hata diski si hoja. Saa nzima ya mazungumzo yaliyorekodiwa ni kama megabaiti 29, kwa hiyo saa 1,000 zinaenea kwenye kona ya diski ya gigabaiti 120. Anayerekodi akumbuke tu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu.

Pingamizi la pili hutoka kwa mweka hazina: kuna kompyuta kuukuu stoo, ya bure, kwa nini tununue nyingine? Kwa sababu mashine ya simu haizimwi. Kompyuta ya mezani ya miaka ile hula kama wati 100 hata ikiwa haifanyi lolote, na kwa mwaka hizo ni yuniti 876 za stima. Mashine ndogo ya wati 10 hula yuniti 88. Mzigo huo huonekana zaidi stima inapokatika. Betri ya volti 12 na saa-ampea 100, ikitumiwa nusu ili isife mapema, inatoa wati-saa 600. Simu moja ya mezani hula kama wati tatu, hivyo zote 20 zikiwekwa kwenye betri zitaimaliza haraka. Zichaguliwe nne: ya mapokezi, ya meneja, ya mhasibu na ya mlinzi. Jumlisha wati 12 za simu hizo na kama 15 za ruta na kifaa cha faiba. Ukiwa na mashine ndogo betri inakupa takribani saa 16, na ukiwa na ile ya bure hupati hata saa tano. Ikiwa umeme unapitia inveta, kila upande utapoteza kidogo, lakini tofauti inabaki pale pale.

Wengine wakisikia hivyo hukimbilia Raspberry Pi, kibao kidogo cha Kiingereza kilichoingia sokoni mwaka 2012. Nakipenda, na kazi hii kinaiweza. Udhaifu wake ni kadi ya kumbukumbu. Asterisk huandika taarifa za kila simu mchana na usiku, na kadi ya bei rahisi huchakaa kwa kuandikwa hivyo, hasa umeme ukikatwa katikati ya uandishi. Ikitumika, iwekewe diski ya SSD. Mimi naona chaguo bora zaidi ni zile kompyuta ndogo za ofisi, ukubwa wa kitabu kinene, ambazo Nairobi huuzwa zikiwa zimetumika Ulaya kwa jina la ex-UK. Zina SSD, hula wati kumi na kitu, na zikiharibika fundi wa Litein au Kericho anapata kipuri. Zile zisizo na feni kabisa zina faida ya ziada karibu na kiwanda, kwa kuwa vumbi laini la chai kavu huingia popote hewa inapovutwa, na unyevu wa ukungu hulifanya ligande.

Radi ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, na mvua hiyo haiji peke yake. Waya mrefu wa shaba kutoka jengo moja hadi jingine ni mwaliko wa radi kuingia ofisini, kwa hiyo kati ya majengo ipitishwe faiba, ambayo haipitishi umeme, na kinga ya mawimbi ya umeme iunganishwe na waya wa ardhini uliopimwa. Pesa zilizookolewa kwenye prosesa ziende huko.

Limebaki pingamizi kubwa zaidi: kila mtu ana simu ya mkononi, na kuna kampuni zitakazokuwekea mtambo wote kwao kwa ada ya mwezi. Kwa ofisi ya watu watatu nakubali, wasinunue chochote. Kwa ofisi kubwa kidogo sikubali. Namba ya mkononi huondoka na mfanyakazi anapohama, na wakulima wanabaki wakimpigia mtu asiyekuwapo tena. Mtambo wa mbali nao hukatika pamoja na faiba, ilhali mashine iliyo chumbani huendelea kuunganisha simu za ndani, na kisanduku chenye kadi ya simu kinatoa njia ya nje. Kisanduku hicho kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na mashine isiachwe wazi kwenye intaneti, maana wezi huitafuta usiku ili wapige namba ghali za nchi za mbali kwa gharama yako. Tena mashine ikiwa yako, salamu ni yako. Mama mzee anayeuliza kilo zake anaweza kupokewa kwa Kikipsigis, kwa sauti ya mtu wa hapa hapa, kisha achague namba moja afikishwe kwa karani. Rekodi ya salamu hizo na mpangilio wote wa mtambo vinaenea kwenye fleshi moja, nayo ikae kabatini pamoja na mashine ya pili ya ex-UK iliyokwisha kupangwa, ili hata karani asiye fundi aweze kuhamisha nyaya mbili na simu zirudi.