Makumbusho ya Keya Yamo Masandukuni

Ukifunga safari kwenda Kitui au Makueni ukitafuta jumba la makumbusho la askari wa Keya, utazunguka mpaka jua litue usilione. Ajabu kubwa, kwani ni jamii chache zilizotoa askari wengi kama Wakamba katika kikosi hicho cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902. Wakoloni walidai kwamba Mkamba huzaliwa askari. Upuuzi! Ukame na kodi ndivyo vilivyowasukuma vijana wengi kwenda kujiandikisha.

Huko Uingereza vikosi vingi vya zamani vina makumbusho yao. Wastaafu huunda bodi, huchangishana, hukusanya ngoma, bendera, sare na nishani. Kila kitu hupewa namba na kuandikwa daftarini: kilikuwa cha nani, kilitoka vita gani. Keya haikupata bahati hiyo. Kenya ilipojinyakulia uhuru Desemba 1963, vikosi vyake vya hapa viligeuzwa kuwa Kenya Rifles. Baadhi ya vitu vyake vimo katika makumbusho ya jeshi mtaani Chelsea, London. Vya askari wenyewe vilirudi nao vijijini, ndani ya sanduku la mbao au la bati.

Basi anzia Nairobi, barabara ya Kenyatta, penye sanamu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928. Waonyeshe watoto kwamba yupo askari mwenye bunduki na yupo pia mpagazi. Wapagazi wa vita vya 1914-18 walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na mtaa wa Kariokor umebaki na jina lao.

Kisha pitia Machakos uelekee Kitui, lakini usiipite Wamunyu bila kushuka. Mzee Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa vita hivyo, ndiye anayetajwa kuwa alirudi na ufundi wa kuchonga vinyago na kuueneza hapa. Twiga wa mpingo unayemwona dukani ana asili yake vitani.

Ukifika Kitui, au ukivuka hadi Wote upande wa Makueni, una kazi moja tu: kuuliza kwa adabu. Wengi wa wazee waliopigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944 wamekwisha kufariki. Muulize susu, yaani nyanya, kama sanduku la mzee lingalipo. Huenda ukaonyeshwa nyota ya rangi ya shaba yenye ncha sita na utepe. Ukiwa wa buluu iliyokoza wenye mstari mwekundu katikati na wa rangi ya machungwa kila upande, mwenyewe alifika Burma.

Hapa ndipo penye shida. Nishani za vita vya kwanza zilichorwa ukingoni namba na jina la askari. Nyota za vita vya pili Waingereza walizitoa bila jina, kupunguza gharama. Mjukuu akiiuza kwa mpita njia, au susu akiondoka bila kusimulia, hiyo ni nyota ya yeyote, na hakuna jumba duniani litakaloweza kumrudishia mwenyewe.

Kama una nafasi, shuka hadi barabara ya Mombasa, pita Makindu na Voi ukafike Taita Hills. Katika hoteli iliyoko huko kuna chumba cha makumbusho ya vita vya 1914-18, na watoto wataona jinsi vitu vinavyopangwa na kuelezwa.

Nyumbani, chukua karatasi uandike jina la mzee, kijiji chake, namba yake ya jeshi kama ipo, na nchi alizopigania. Iweke pamoja na nyota. Usiisugue kwa majivu ing'are, na utepe uuhifadhi mbali na nondo.