Mtoto Akilia Usiku: Majani ya Bibi na Maziwa ya Mama

Mimi si daktari, ni mwalimu wa kujitolea tu hapa Nyarugusu. Lakini nyumba zetu zimebanana, na mtoto mmoja akilia usiku tunakesha wengi. Mwezi huu anayelia ni mtoto wa dada yangu. Ana wiki 5.

Kila jioni giza likiingia anaanza. Anakunja miguu, anakaza ngumi, analia mpaka saa tatu au nne. Mchana ananyonya vizuri, na kwenye mizani anaongezeka. Watanzania wanaita mchango. Sisi tuliotoka Fizi tunasema tu tumbo linamuuma.

Basi dawa zikaanza kuja. Bibi yetu alileta majani machungu ya mululuza, yale majirani wa Burundi wanayaita umubirizi, atwange, achuje, ampe kijiko. Mama mmoja akasema bora mchaichai. Mwingine akasema apigwe maji ya majani kwa nyuma kwa mpira, kama kule nyumbani. Hiyo ya mpira dada alikataa palepale, maana utumbo wa mtoto mchanga unaumia upesi.

Majani mimi siyadharau, ndiyo yaliyotulea. Ila nilimuuliza, "Bibi, hiki kijiko unakipima na nini?" Mti na mti hailingani ukali. Ini na figo za mtoto wa wiki 5 bado changa. Maji yakiwa na vijidudu ataharisha. Na tumbo lake dogo likijazwa maji ya majani, hatanyonya vya kutosha. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Asali nayo asipewe kabla ya kutimiza mwaka 1, inaweza kuwa na vijidudu vyenye sumu inayolegeza misuli.

Bibi akanyamaza. Halafu akasema, "Kwa hiyo sisi tulikuwa tunaua watoto?"

Swali gumu lile. Nikamjibu, hapana Bibi, wengi walipona kwa sababu kilio hiki huisha chenyewe. Huanza wiki ya 2 au ya 3, kinapanda karibu wiki ya 6, na kwenye miezi 3 au 4 kinakwisha. Ukimpa majani wakati kinaondoka, majani ndiyo yanapata sifa. Akacheka kidogo, ila sidhani amekubali yote.

Sasa kazi yake ni ya mikono. Anapaka mafuta kidogo viganjani, anasugua mpaka vipate joto, anamkanda tumbo polepole kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Akishanyonya, anamweka begani acheue. Halafu anamfunga kikwembe mgongoni, anatembea mlangoni mpaka mgombani akiimba. Pale mtoto hutulia, si kila siku lakini. Mchaichai anakunywa dada mwenyewe, sukari ikiwepo.

Dada akizidiwa, anamlaza mtoto chali mahali salama, anatoka nje kidogo apumue. Mtoto hatikiswi hata ukiwa na hasira namna gani, ubongo unaumia.

Lakini akiwa na homa, akikataa kunyonya, akitapika kijani, akitoa damu kwenye choo, tumbo likivimba na kuwa gumu, au akilegea, huo si mchango. Mpelekeni zahanati usiku huohuo, msingoje kuche.